Vifuniko vya Wifi

Mkaguzi alimdharau wifi yake kwa utaratibu, kama mtu anavyopiga mswaki: asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Asubuhi alimdharau kiwandani, ambako wote wawili waliajiriwa, na jioni alimdharau nyumbani kwa mama yake, ambako wifi huyo alikuja na mumewe kula, akafuta mdomo, akaondoka bila kugusa sufuria hata moja. Kwamba mume mwenyewe, yaani kaka yake Mkaguzi, naye hakugusa sufuria, hilo Mkaguzi hakuwahi kulitia kwenye hesabu.

Kiwanda chao kilitengeneza vifuniko vya madumu ya mafuta ya kupikia. Basi, hakuna kingine. Vifuniko vyekundu, kutwa nzima, mwaka mzima, mpaka ukifumba macho unaviona. Mashine nne zilikuwa zimepangwa mstari mmoja chini ya paa la bati, kila moja na mwanamke wake. Mashine inajifunga, inanguruma, inapumua. Mwanamke anafungua kijilango, anatoa shada la vifuniko vyenye moto, anavitenganisha kwa kisu na kuvitupa kwenye boksi. Boksi likijaa linasukumwa nyuma, linawekwa jingine. Kifuniko kizuri kinafunga. Kifuniko kibaya kina ukingo uliopinda kidogo mno, jicho halioni, na dumu likilazwa, mafuta yanatoka tone baada ya tone. Kiwandani walisema kifuniko cha namna hiyo kinalia.

Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kuvijua vinavyolia kabla mteja hajavijua. Huwezi kupima vyote. Vinatoka kwa maelfu, na kila kimoja kinataka kufungwa kwenye shingo ya chupa ya kupimia, kutiliwa maji ya rangi, kupinduliwa na kusubiriwa. Kwa hiyo unachukua vichache, na hivyo vichache ndivyo vinavyosema kwa niaba ya wenzao. Kampuni iliwahi kumpeleka semina ya jambo hilo. Mwalimu, kijana aliyekabwa na tai yake mwenyewe, aliwaambia kwamba sampuli ni shahidi, na shahidi aliyeletwa na mshtakiwa huyo mwite ndugu yake. Watu walicheka. Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali kwa nguvu hata kilemba kikamlegea. Aliporudi kazini alitembea siku kadhaa kama mtu aliyeshuka mlimani na amri za Mungu mkononi.

Lakini maboksi yalikuwa marefu, na mgongo wake ulikuwa wa mtu mzima. Kuinama kila saa, kuzamisha mkono hadi begani, kuchota chini, kuchota katikati! Siku moja alileta sahani nne za bati, akaweka moja kwenye kila mashine.

"Jamani, kila saa niwekeeni vitano humu," alisema. "Nikipita nakuta tayari. Tusaidiane."

Wanawake walisaidiana naye kwa moyo mmoja. Wenyewe waliiita sahani ya mgeni. Jina hilo peke yake lingetosha kumwamsha mtu aliyelala usingizi wa homa, lakini Mkaguzi aliliona la heshima, akalipenda.

Sahani iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya mashine ya tatu. Pale alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Malaika kwa sababu ya sauti yake laini na kitambaa chake cheupe kichwani, ambacho hakikuwahi kuonekana na doa. Vifuniko vya Malaika vilipanguswa, vikapangwa duara, migongo juu. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Mkaguzi aliongoza sala fupi pale mlangoni, na Malaika ndiye aliyeitikia "Amina" ndefu kuliko wote. Mkaguzi alimwita dada yake katika Bwana. Alipopita na kukuta ile sahani, moyo wake ulitulia, na maji ya rangi yalitulia vilevile ndani ya chupa.

Halafu kulikuwa na mashine ya kwanza. Mashine ya wifi.

Wifi wakati wa sala alifunga kamba za viatu. Kamba gani zinazofunguka kila asubuhi saa ileile, Mungu ndiye ajuaye. Sahani yake ilikuwa aibu. Vifuniko vimetupwa kama maganda ya karanga, kimoja kina unywele wa plastiki ukining'inia, kingine bado cha moto.

"Wifi, hii ndiyo sampuli?"

"Ulitaka vitano. Hesabu."

"Hata kuvifuta jamani?"

"Mteja wako anakwenda kuvibusu?"

Na kila juma, katika sahani zote nne, ya wifi ndiyo iliyokuwa na vifuniko vinavyolia. Si vingi sana. Kimoja hapa, viwili pale. Lakini mashine nyingine zilikaa kimya kama makaburi. Mkaguzi alipeleka habari hizo ofisini kwa uso wa huzuni, na njiani aliimba kimoyomoyo.

Basi likarudi lori. Mteja alirudisha mzigo mzima, na dereva alishusha pamoja nao karatasi za maboksi zilizolowa mafuta. Msimamizi wa uzalishaji, mtu mfupi aliyeitwa Chapchap kwa sababu hilo ndilo neno alilosema kuliko jina la mkewe, alimwita Mkaguzi ofisini.

"Mwenye kiwanda anataka mtu aondoke," alisema. "Nani analiza vifuniko?"

"Bosi, mimi nilishasema siku nyingi. Mashine ya kwanza."

"Wifi yako."

"Damu ni damu, lakini kazi ni kazi."

Chapchap alimtazama juu ya miwani. Hakuwa mtu mwenye akili nyingi, Mkaguzi aliamini hivyo na alikuwa na sababu, lakini hata yeye hakuwa gogo.

"Sikiliza, mama. Nikimfukuza kwa maneno yako, kesho kaka yako yuko hapa getini anasema dada yake anamwonea mkewe. Kesho kutwa mwenye kiwanda anasema tumeleta ugomvi wa jikoni kazini. Nataka ushahidi wa kumfunga mtu mdomo. Nipe kabla ya Ijumaa jioni, na Ijumaa hiyohiyo anakwenda. Sawa? Chapchap."

Mkaguzi alitoka pale akimshukuru Mungu. Tangu kaka yake aoe, alikuwa akiomba mwanamke yule afichuliwe alivyo, na sasa maombi yalikuwa yamepewa tarehe.

Ni dharau iliyomfanya afikiri, na lazima isemwe kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kwake kufikiri kazini. Alijiambia: yule mwanamke ana ulimi. Atasema nilimvizia saa mashine ikiwa baridi. Atasema nilichagua vibaya makusudi. Mimi nitamnyima hata hilo tundu la kutokea. Kwa hiyo hakutaka kuchagua lolote. Alichana vipande vya karatasi, akaandika saa kwenye vingine na namba za maboksi kwenye vingine, akavitia katika vikombe viwili, akavitikisa, akafumba macho na kuchukua. Kura ikisema saa nne na robo, anakwenda saa nne na robo, hata kama chai iko mdomoni. Kura ikisema boksi la nyuma, basi boksi la nyuma, na mkono hadi chini. Na ili mtu asiseme amemwandama mmoja, atafanya hivyo kwenye mashine zote nne. Hizo nyingine tatu zilikuwa za kumpambia wifi kaburi.

Siku ya kwanza alipoinama kwenye boksi la mashine ya pili, mwanamke wa pale aliacha kisu hewani.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nachukua sampuli."

"Sahani si hiyo hapo imejaa?"

"Leo sitaki sahani."

Habari ilikimbia mstarini kuliko umeme. Alipofika mashine ya tatu, Malaika alishamsubiri, sahani mikononi kama anayemtolea sadaka.

"Dada mpendwa, mgongo wako huo! Usijichoshe. Vyako nimeshakuandalia."

"Mungu akubariki. Lakini kura imesema boksi la chini."

"Kura?" Malaika alicheka kidogo. "Kura na sisi waja wa Mungu?"

"Hata mitume walipiga," alisema Mkaguzi, akavuta boksi.

Kwenye mashine ya kwanza wifi alimtazama akizama kichwa chini, matako juu, ndani ya boksi la vifuniko.

"Ukipata kilichopotea nijulishe," alisema.

Mkaguzi alijibu moyoni, na alichojibu hakifai kuandikwa.

Jioni alivifunga vyote kwenye shingo za kupimia, akatia maji ya rangi, akapindua, akakaa kwenye kigoda kusubiri. Alianza na vya wifi ili afurahi mapema. Vililia vichache. Vilevile kama sahani yake ilivyosema siku zote: kimoja hapa, viwili pale. Mkaguzi alikunja uso, akasogea kwenye mashine ya pili. Vichache pia, labda kimoja zaidi. Ya nne, hivyohivyo. Mashine ambazo mwaka mzima hazikuwahi kutoa chozi, leo zilikuwa na machozi sawa na ya wifi.

Alipofika kwenye safu ya mashine ya tatu, kitambaa chini ya chupa kilikuwa kimelowa chote.

Alikataa. Mtu mwenye akili timamu angekataa. Alisema shingo za kupimia zimechakaa, akazibadilisha, akarudia. Alisema maji ni mengi, akayapunguza. Siku iliyofuata alitikisa vikombe mpaka karatasi zikakunjana, akavuta saa nyingine, maboksi mengine. Mashine ya tatu ililia tena, karibu nusu ya vifuniko. Hapo aliwaza kwamba wifi amebadilisha maboksi kwa siri, akajificha nyuma ya magunia ya plastiki kumchungulia. Alichokiona ni mwanamke anayefungua kijilango, anayekata, anayetupa, anayepiga miayo bila kuziba mdomo, na anayeweka vitano vya kwanza vilivyomfika mkononi kwenye sahani bila hata kuangalia. Uovu wa kubadilisha maboksi ungehitaji bidii. Yule hata kwa kuiba angekuwa mvivu.

Ni pale nyuma ya magunia, goti likimuuma, ndipo jambo lilipomfikia. Bila kuangalia. Wifi hakuwa amemheshimu kiasi cha kumchagulia. Sahani ile chafu, iliyomkera mwaka mzima, ndiyo iliyokuwa sampuli peke yake katika kiwanda kizima. Nyingine zote zilikuwa zawadi.

Alikwenda moja kwa moja mashine ya tatu. Malaika alikuwa amekwenda chooni. Chini ya meza yake, nyuma ya kindoo cha vipande vya plastiki, palikuwa na kopo lenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na vifuniko vyekundu vilivyopanguswa vikang'aa.

"Hivyo ni vya sahani, dada," ilisema sauti laini nyuma yake. "Vya kukuheshimu."

"Umevitoa wapi?"

"Vinatoka vizuri asubuhi kabla kalibu haijapata moto sana. Naviweka akiba."

Kalibu ni lile pande zito la chuma ndani ya mashine linalokipa kifuniko umbo lake.

"Kwa hiyo unajua kalibu yako imeharibika."

"Imechoka tangu zamani."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, mashine ingezimwa, mimi ningekaa nyumbani. Na wewe ulikuwa unafurahi." Malaika alirekebisha kitambaa chake cheupe. "Kila ukipita ulikuwa unasema, mwenzenu huyu ana baraka. Mimi ni nani nikukatalie baraka?"

Alisema hayo kwa upole uleule wa kwenye sala, bila hata kupepesa. Mkaguzi alitafuta ndani yake dharau ya kumtupia, akaikuta ipo tele, ila kila alipoinua konzi moja, nusu yake ilimwagika juu yake mwenyewe. Nani aliyeleta sahani? Nani aliyeona jina la mgeni likampendeza?

Ijumaa mchana alijifungia chumba cha kupimia, akapiga magoti kati ya chupa. Sala yake haikuwa nzuri. "Ee Mungu," alisema, "nilikuomba umfichue, umenifichua mimi. Na sasa unataka nikamwoshe mwanamke asiyenawa hata mikono akila kwa mama. Ungeweza kumtumia mtu mwingine. Unajua kabisa nikinyamaza anaondoka leo, na hakuna atakayejua." Akasubiri. Hakusikia kitu ila matone, na matone yote yalitoka upande mmoja. Alikaa hivyo mpaka magoti yakafa ganzi, kisha akasema, "Haya," kwa sauti ya mtoto aliyeambiwa akaoge, akainuka.

Alivibeba kwa Chapchap vifuniko vyenyewe, katika mabakuli manne, vinavyolia vimetengwa na vinavyofunga. Aliyapanga mezani kwa mpangilio wa mashine. Bakuli la tatu halikuhitaji maelezo.

"Hii ya wifi yako?" Chapchap aliuliza akilinyooshea kidole.

"Ya wifi ni hii ya kwanza."

"Mbona ni nafuu?"

"Ni sawa na ya pili na ya nne. Mbovu ni ya tatu. Kalibu imekufa."

Chapchap alivua miwani. "Mama, mimi nilikuomba mtu. Kalibu siwezi kuifukuza. Haina mshahara."

"Kalibu iondolewe. Mtu wa kufukuza hayupo."

"Tusielewane vibaya. Wifi yako ni mwanamke wa namna gani?"

"Mvivu," alisema Mkaguzi, na hapo ulimi wake ukapata uhai. "Mdomo mchafu. Hana adabu kwa wakubwa wala kwa Mungu. Kaka yangu alikuwa na mashavu, tazama sasa. Chai anaivuta kama pampu ya kisima. Lakini vifuniko vyake ni kama vya wengine, na mimi siwezi kusema vingine."

"Mwaka mzima umesema vingine."

Hapo ndipo pagumu. Angeweza kumtaja Malaika na kopo lake, akaishia hapo, na Chapchap angeridhika, kwa kuwa angepata mtu wake.

"Mwaka mzima nilikuwa napima vile walivyonichagulia," alisema. "Niliwawekea sahani ili nisiiname. Wakaniwekea vizuri. Lile lori lilipita mikononi mwangu, bosi. Si mikononi mwa yule wa mashine ya kwanza."

"Walikuchagulia wote?"

"Mmoja hakunichagulia. Hanipendi."

Chapchap alimtazama kwa muda, na Mkaguzi akaijua ile sura. Alikuwa ameivaa yeye mwenyewe mara nyingi mno asiweze kuikosea. Ni sura ya mtu anayemwangalia mjinga, na anashangaa kwamba amekuwa akimlipa mjinga huyo mshahara.

"Semina tulikulipia," alisema hatimaye.

"Mlinilipia."

"Basi lile lori ni lako. Maboksi yote yaliyorudi, utayapitia wewe, kwa hizo kura zako, mpaka ujue lipi liende na lipi lisagwe. Kuinama utainama. Yule wa mashine ya tatu atakwenda kufunga maboksi mpaka kalibu mpya ije. Na yule wa kwanza abaki." Akavaa miwani. "Hizo sahani zitoe leo. Chapchap."

Jumatatu, kwenye sala, Malaika alisimama na wafunga maboksi, na "Amina" yake ilikuwa fupi kama kukohoa. Wengine waliitikia kwa mashaka, wakiangalia saa. Wifi alifunga kamba za viatu.

Habari kiwandani hazikai kwenye ofisi. Mkaguzi alipofika mashine ya kwanza, kura mkononi, wifi hakugeuka, aliendelea kukata.

"Nasikia ulitaka niondolewe."

Mkaguzi angeweza kusema amesingiziwa. "Nilitaka," alisema.

"Ikawaje?"

"Hesabu ilikataa."

Wifi alitupa vifuniko ndani ya boksi, akageuka sasa, akamwangalia kuanzia kilembani mpaka viatuni, taratibu, kama anayekagua mzigo uliorudishwa.

"Na mimi nilidhani umeniombea dua mbaya," alisema. "Kumbe ulinipigia mahesabu. Afadhali dua, wifi. Dua zako hazijawahi kufika popote."

"Zimefika. Ndiyo maana upo."

"Usinidai shukrani kwa kutofukuzwa kazi yangu mwenyewe."

"Sikudai kitu. Nakudharau kama kawaida."

"Hapo sawa," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza tangu arusi mdomo wake ulipinda kitu kama kicheko. "Nipishe, mlango unafunguka. Utaungua, halafu mama yenu atasema ni mimi."

Mkaguzi alisogea, akainama kwenye boksi ambalo kura ilitaka, akazamisha mkono hadi begani. Mgongo ulilalamika. Alichota vitano kutoka chini kabisa, asiviangalie, akaenda navyo kwenye chumba cha kupimia, akavifunga, akatia maji, akapindua.

Kimoja kililia.

Alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi mpaka akakaa chini. Kisha akaandika kama ilivyokuwa: kimoja.